Tupeane uzoefu: Wiki moja ya masomo madarasa ya chini inakwendaje kwenu?

Mwalimu wa Singida

Habari za jioni ndugu zangu. Nafundisha darasa la kwanza katika shule ya serikali, kijijini, mkoani Singida. Mijadala mingi ya elimu huishia kwenye matokeo ya darasa la saba na kidato cha nne, wakati kazi inayoamua mengi inafanyika huku chini, kwa watoto wa miaka sita na saba, ndani ya vipindi vya nusu saa. Kwa hiyo naomba tupeane uzoefu, walimu, wazazi, walezi, bibi na babu. Wiki moja ya masomo kwa mtoto wa darasa la kwanza mpaka la nne inakwendaje? Jumatatu anaanza na nini, na Ijumaa anatoka na nini?

Naanza mimi na wiki ya herufi k, maana ndiyo niliyotoka kuifundisha.

Jumatatu hatuandiki kitu. Watoto wanasikiliza tu na kusema. Natamka kuku, kaka, kikombe, kisha meza, halafu kiatu, na wao wanapiga makofi pale wanaposikia ile sauti. Nasisitiza sauti yenyewe na siyo jina la herufi, kwa sababu mtoto aliyezoea kusema "ke" akikutana na ka anasoma "kea", na kumtoa hapo ni kazi ya mwezi mzima. Jumanne tunaunganisha na irabu tupate ka, ke, ki, ko, ku. Kadi nazikata kwenye maboksi ya kawaida, manila ikiwepo vizuri, isipokuwepo somo haliahirishwi. Jumatano watoto wenyewe wanapanga kadi kuunda maneno: kaka, kuku, keki, oka, kaa. Hapo darasa linachangamka kweli, maana mtoto anagundua kwamba neno analolisema kila siku nyumbani linaweza kulala mezani kwa vipande viwili vya boksi.

Alhamisi tunasoma sentensi. Nimezitunga kwa herufi tulizokwisha kuzimaliza tu, yaani irabu, b, m na hii k mpya. "Mama amebeba kuku." "Baba ameoka keki." Mtoto anasoma sentensi nzima yenye maana bila kukutana na herufi ngeni hata moja. Naomba walimu wenzangu tulizingatie hili, kwa sababu nimeona darasa likipewa sentensi yenye ng' na sh kabla hawajazifikia, na matokeo yake watoto wanakariri sentensi kwa masikio huku macho yakiwa dirishani. Ijumaa ni imla ya maneno machache, kisha kila mmoja anakuja kunisomea.

Shida ipo hapo kwenye "kila mmoja". Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, madarasa ya kwanza mengi yamejaa kupita hapo, na langu limezidi mara mbili. Nusu saa haitoshi hata robo yao kunisomea. Nilichofanya ni kuligawa darasa katika makundi kwa uwezo wao: wasiotambua herufi, wanaotambua silabi, na wanaosoma maneno. Kila siku kundi moja linanisomea wakati mengine yanaandika, na wale wasiotambua herufi nawasikiliza kila siku bila kuruka. Nawakalisha mbele, karibu na ubao. Huko nyuma, kwenye kelele, hawa ndio wanaopotea.

Karibuni.

Mama Pacha

Asante mwalimu kwa uzi huu. Mimi ni mzazi, nipo Dar es Salaam, wanangu wako darasa la pili shule ya Kiingereza ya binafsi. Basi linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa hiyo wiki yetu inaanza watoto wakiwa na usingizi machoni na inaisha hivyo hivyo. Kazi za nyumbani ni Jumatatu mpaka Alhamisi, zote kwa Kiingereza. Dada anayetusaidia nyumbani ni mtu makini sana lakini Kiingereza hakijui, na mimi narudi saa mbili usiku.

Sasa naomba msaada. Mmoja wao kwenye kutoa, 25 kutoa 8 anaandika 23. Na siyo mara moja, wiki nzima daftari limejaa majibu ya aina hiyo. Kujumlisha hana shida kabisa. Hili linatokana na nini?

Ticha Kahama

Mama Pacha, pole na majukumu. Nafundisha darasa la pili huku Kahama na jibu hilo nalikuta kila mwaka. Mwanao hajakosea ovyo, ana kanuni yake: anaangalia 5 na 8, anaona 8 ndiyo kubwa, anatoa 5 kwenye 8 anapata 3, kisha anashusha 2. Ukimwambia tu "umekosa, rudia" atarudia kanuni ile ile kwa bidii zaidi.

Hapo kalamu iwekeni pembeni kwanza. Tafuta vijiti, hata vya kuchokolea meno vinafaa. Mwambie afunge mafungu mawili ya kumi kumi kwa mpira wa kufungia noti, na vijiti vitano vibaki huru. Hiyo ndiyo 25. Sasa mwombe akupe vijiti 8. Atakupa vitano, atakwama. Usimsemeshe. Mwache aangalie yale mafungu mpaka mwenyewe aombe kufungua moja. Akishalifungua, vijiti huru vinakuwa 15, anakupa 8, vinabaki 7 na fungu moja. Kumi na saba. Arudie kwa namba nyingine siku tatu au nne, halafu ndipo mwandikie mamoja na makumi kwenye daftari, ili kile kimstari cha kukata 2 na kuandika 1 juu yake kiwe na maana kwake.

Darasani kwangu kuazima kunachukua wiki nzima, na siku tatu za mwanzo ni vijiti na vizibo vya soda tu. Mwanzoni wakaguzi waliuliza mbona madaftari hayana kazi za kutosha. Niliwaita watoto wawili mbele wakafungua mafungu mbele yao, na maswali yakaisha.

Kuhusu dada wa nyumbani, kazi ya vijiti haihitaji Kiingereza. Mfundishe yeye jioni moja, ataweza vizuri tu.

Mama Pacha

Ubarikiwe sana mwalimu. Hiyo ya kumwacha mpaka aombe mwenyewe kufungua fungu sikuwahi kuifikiria. Naanza kesho.

Bibi wa Ng'ambo

Asalaam aleikum. Mimi niko Unguja, naishi na mjukuu wangu wa darasa la pili. Skuli yao ina mikondo miwili na yeye anaingia mchana. Kwa hiyo asubuhi yuko chuoni, yaani madrasa ya Qur'ani, akitoka anakula, anakwenda skuli. Chuoni mapumziko yao ni Alhamisi na Ijumaa, skuli ni Jumamosi na Jumapili, basi ukihesabu hana siku hata moja ya wiki ambayo hakuna anapotakiwa.

Watu wanasema mtoto anachoshwa. Mimi naona ajifunze vyote viwili, lakini mpangilio ndio wa kuangalia. Asubuhi anasoma kutoka kulia kwenda kushoto, mchana kushoto kwenda kulia. Alipokuwa la kwanza kuna siku aliandika jina lake likaanzia upande wa kulia wa daftari. Mwalimu wake wa skuli hakumgombeza, alimchorea nukta ya kijani pale pa kuanzia kila mstari, na baada ya muda nukta zikawa hazina haja tena. Nimempenda mwalimu yule.

Kitu chengine ninachokiona ni kuwa chuo kimemjenga kuhifadhi. Akisomewa shairi Jumatatu, Jumatano analo kichwani. Lakini ukimuuliza limesema nini, ananyamaza. Kwa hiyo kila usiku baada ya chakula hunisomea ukurasa mmoja na mimi namuuliza: nani alifanya nini, kwa nini, na wewe ungelifanyaje? Macho yangu hayaoni vyema siku hizi, kwa hiyo anajua kweli nahitaji anieleze. Anasoma kwa makini kuliko akijua namsahihisha.

Mwalimu wa Singida

Shikamoo bibi. Umenigusa. Sisi tunahangaika watoto watamke vizuri, na huko kwenye kuelewa tunapita haraka kwa sababu ratiba inabana. Kesho kutwa najaribu: baada ya kusoma "Mama amebeba kuku" nawauliza anampeleka wapi. Najua nitapata majibu ya kila aina.

Bibi wa Ng'ambo

Marahaba mwanangu. Uliza, watakwambia mpaka bei ya kuku.

Mkurya Mpole

Mwalimu, darasa la pili, mkoa wa Mara. Sisi wiki yetu ngumu kuliko zote ni ya l na r. Watoto wengi hapa lugha ya nyumbani ni Kikurya, na hizi sauti mbili masikioni mwao ni moja. Mtoto anasema "kurara" na anaandika alichosema, kwa hiyo ukimpa imla unamwonea, maana anaandika kwa usahihi kabisa kile anachokisikia.

Ninavyofanya: Jumatatu hakuna kuandika, kama alivyosema mwalimu wa Singida. Ni midomo na masikio. Kila mtoto anakuja na kipande cha kioo, au wanatazamana wawili wawili. Kwenye l ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kutulia hapo, hewa inapita pembeni. Kwenye r ulimi unatikisika. Wanaweka kidole chini ya kidevu kuusikia ule mtikisiko. Jumanne natamka maneno yanayotofautiana kwa sauti hiyo moja tu, kula na kura, mahali na mahari, na wao wananyanyua mkono wa kushoto kwa l, wa kulia kwa r. Jumatano wao ndio wanatamka, mimi nanyanyua mkono. Hii wanaipenda sana kwa sababu wananishika nikinyanyua mkono ambao hawakuutarajia, na hapo mtoto anasikia mwenyewe kwamba alichotamka sicho alichokusudia. Kuandika kunaanza Alhamisi.

Wiki moja haimalizi jambo hili. Ila wiki moja inatosha mtoto kujua kwamba ni sauti mbili. Baada ya hapo nalirudia kila Ijumaa kwa dakika chache mpaka mwaka unaisha.

Na jambo moja linaniuma. Kuna mahali watoto huchekwa wakikosea l na r, hata na watu wazima. Mtoto aliyechekwa Jumatatu hafungui mdomo mpaka Ijumaa. Darasani kwangu kucheka matamshi ya mwenzako ni marufuku, na hilo ndilo pekee ninalokuwa mkali nalo kweli kweli.

Baba Gredi Nne

Hamjambo jirani zangu. Niko Nakuru, Kenya, binti yangu yuko gredi ya nne. Sisi tuliingia mtaala wa CBC, yaani wa umilisi, mwaka 2019 kuanzia chekechea hadi gredi ya tatu, na mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi ukafanywa kwa mara ya mwisho 2023. Wazazi wa hapa mnajua tulivyolia na kazi za mradi.

Wiki niliyoikumbuka ni ya sanamu ya kufukuza ndege shambani, katika somo la Kilimo. Ilikuja Jumatatu, ikahitajika Ijumaa. Wazazi wengi huitengeneza wenyewe usiku wa Alhamisi, au hununua iliyokwisha tengenezwa. Mimi na mama yake tuliamua hatutagusa. Tulimpa magunia, shati langu kuukuu na nyasi kavu, tukamwambia atuulize akikwama. Jumanne iliegemea upande mmoja. Jumatano ikaanguka. Alikaa akaitazama kisha akaniuliza kwa nini nguzo za ua hazianguki. Nikamwambia aende akachimbue kando ya moja aone. Akarudi, akaukata mti mrefu zaidi na kuufukia chini.

Ilikuwa mbaya kwa sura kuliko zote zilizopelekwa siku hiyo, lakini mwalimu alipouliza kila mtoto aeleze alivyofanya, wangu alizungumza mpaka kengele ikalia. Kwa hiyo ombi langu kwa walimu: mwulizeni mtoto aeleze. Hapo mtajua ni mikono ya nani iliyofanya kazi, na sisi wazazi tutaacha kushindana.

Mwalimu Bukavu

Jambo kwenu wote. Mimi nafundisha mwaka wa pili wa shule ya msingi huku Bukavu, Kongo. Kwetu sheria ya elimu ya 2014 inasema watoto wafundishwe kwa lugha ya kitaifa miaka ya mwanzo, na huku mashariki lugha hiyo ni Kiswahili. Kifaransa kinaanza kwa kusema, kisha kinachukua nafasi kadiri wanavyopanda. Tangu masomo ya msingi yalipofanywa bure Septemba 2019, watoto ni wengi sana, wengine wanakaa watatu watatu kwenye benchi la wawili.

Kwa wiki, asubuhi naitumia kwa kusoma na hesabu kwa Kiswahili kwa sababu akili zao bado ziko wazi, na Kifaransa nakiweka kwa nyimbo na maagizo mafupi: simama, fungua mlango, leta kitabu. Jambo ninalotaka kuwaambia wazazi wa huku ni hili. Wengi wanakuja kuniomba niache Kiswahili nianze Kifaransa moja kwa moja, wanaona mtoto anacheleweshwa. Nawaita wakae nyuma ya darasa asubuhi moja. Wanamwona mtoto anasoma hadithi kwa Kiswahili na kucheka pale penye kuchekesha. Mtoto anayecheka anaposoma anajua kusoma, na ujuzi ule atakwenda nao kwenye Kifaransa. Herufi ni zile zile.

Mama Ohio

Salamu kutoka Columbus. Mwanangu wa kati yuko darasa la pili huku Marekani. Jumatatu analetewa orodha ya maneno ya tahajia, Ijumaa anapewa jaribio lake. Kila usiku anatakiwa asome dakika 20 na mzazi atie sahihi kwenye karatasi. Kiingereza changu kilikuwa kidogo tulipofika, nikawa naona aibu kusaini kitu nisichokielewa.

Nilimwuliza mwalimu wake kama dakika hizo zinaweza kuwa za Kiswahili. Akasema ndiyo, na tena akafurahi. Kwa hiyo siku mbili kwa wiki ananisomea Kiswahili, siku nyingine Kiingereza na yeye ndiye ananitafsiria.

Wenzangu mlio huku: kwenye mkutano wa mzazi na mwalimu mna haki ya mkalimani, na ni bure. Ni wajibu wa shule kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Ombeni mapema, na msimtumie mtoto kuwa mkalimani wa habari zake mwenyewe.

Mzee wa Chaki

Nimestaafu ualimu wa shule ya msingi. Nasoma nawafurahia. Nataka kuongezea moja tu kuhusu Ijumaa. Tulizoea kuifanya siku ya majaribio na usafi, basi. Ninyi mlio kazini, Ijumaa mchana kabla hamjaandika andalio la wiki ijayo, pitieni madaftari mkitafuta kosa moja lililojirudia kwa watoto wengi. Moja tu. Hilo liwe kipindi cha kwanza cha Jumatatu. Azimio la kazi, yaani mpango wa masomo, litakuambia uende mbele, lakini silabi ambayo nusu ya darasa haijaishika haitaacha kudai nafasi yake mpaka darasa la nne, kwenye upimaji wa kitaifa, na wakati huo mwalimu mwingine ndiye atakayelaumiwa.

Mzazi Bweni

Naomba kuchangia kwa ufupi. Mwanangu alikuwa bweni, na mwaka 2023 serikali ilipozuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, akarudi nyumbani akiwa la tatu. Nililalamika wakati ule kwa sababu ya kazi zangu. Lakini ndani ya wiki ya kwanza nyumbani niligundua ananong'oneza namba anapohesabu na anatumia vidole chini ya meza, anaficha. Hilo lisingeonekana kwenye ripoti ya muhula. Swali kwa walimu: mtoto wa la tatu akiwa bado anahesabu kwa vidole, mzazi amzuie?

Ticha Kahama

Usimzuie. Mwambie atoe mikono juu ya meza. Kisha kila jioni mcheze jozi za kumi kwa dakika tano: wewe unasema 7 yeye anasema 3, unasema 4 anasema 6. Zikikaa kichwani, ataona 8 na 5 ni 8 na 2 halafu 3, na vidole vitapumzika vyenyewe.

Shule Shikizi

Nimechelewa kuingia kwenye uzi. Mimi niko shule shikizi, yaani tawi dogo la shule nyingine, kilomita nyingi kutoka shule mama. Chumba kimoja, darasa la kwanza na la pili pamoja, mwalimu ni mimi. Nimepaka ubao kuta mbili, la kwanza wanatazama mashariki, la pili wanatazama magharibi, mimi natembea katikati.

Wiki yangu nimeipanga hivi. Somo jipya la kusoma la darasa la kwanza liko Jumatatu na Jumanne, na siku hizo la pili wana mazoezi ya kuandika na hesabu wanazozijua. Somo jipya la la pili liko Alhamisi na Ijumaa, na la kwanza ndio wanafanya mazoezi. Jumatano tunasoma wote. Kila mtoto wa la pili anakaa na mmoja au wawili wa la kwanza, anawasomea, kisha wanamsomea. Kadi za silabi anazishika yeye. Mimi Jumatano nasikiliza tu na kuandika kwenye daftari langu nani amekwama wapi, na siku hiyo ndiyo ninayowajua watoto wangu kuliko siku zote za wiki.

Mwalimu wa Singida, hizo sentensi za herufi walizomaliza tu nimeziandika. Una za herufi nyingine? Wiki ijayo naingia t.

Mwalimu wa Singida

Ninazo. Kwa t, ukiwa umemaliza irabu, b, m na k, tumia hizi: "Tatu ameketi." "Kaka ametoka." "Mama amekata keki." "Mtoto amebeba kikapu" usiitumie bado, ina p. Ya k ukitaka kurudia Jumatatu: "Kaka amebeba kuku." Nyingine nitaziweka hapa kila Jumamosi, na mwenye zake aongeze.